Simu, Kitabu na Mwalimu: Tahakiki ya Njia za Kujifunzia Kiswahili Sanifu

Katika kikao kimoja cha idara, mwaka uliopita, lilitolewa pendekezo lililopokelewa kwa makofi mengi kuliko lilivyostahili. Ilisemwa kwamba, maadamu karibu kila mwanafunzi ana simu ya mkononi, na maadamu simu hizo hubeba programu za kufundishia lugha bila malipo, saa za mazoezi ya Kiswahili sanifu zingeweza kupunguzwa kwa nusu. Wanafunzi wangejisomea nyumbani, nasi wasaidizi tungepata wasaa wa kumaliza tasnifu zetu. Mwandishi wa mistari hii, ambaye tasnifu yake inamngoja tangu zamani, alikuwa na kila sababu ya kupiga makofi pamoja na wenzake. Hata hivyo tuliomba muhula mmoja wa kuzipima njia hizo. Makala haya ni matunda ya muhula huo.

Yafaa kwanza swali lenyewe lieleweke. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya mwaka 2006, na huku kwetu kusini-mashariki ndiyo lugha ya soko, ya kanisa na ya nyumbani. Mtu atauliza: inakuwaje basi tukizungumzie kana kwamba ni lugha ya kigeni? Jibu analijua kila aliyewahi kusahihisha karatasi za mwaka wa kwanza. Mwanafunzi wetu husema «bantu balikuya», husema «kitabu yangu imepoteya», na akitaka kudogosha huongeza ka- na tu-: «katoto», «tutoto». Usemi huo si uharibifu. Una kanuni zake. Edgar Polomé, aliyefundisha mjini humu ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville, alichapisha maelezo yake kuhusu Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, na baada yake wengine wameendelea. Lakini tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka huohuo Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Kijana yuleyule asemaye «balikuya» sasa hutamani kuandika barua ya kuomba kazi Arusha, au kufasiri katika mkutano Nairobi. Mbele ya Kiswahili sanifu yeye ni nusu mwenyeji na nusu mgeni, na nusu hizo mbili hazikai pamoja kwa amani.

Kila kitabu cha kufundishia lugha huchora, bila kutaka, sura ya mtu ambaye kimeandikiwa. Mwaka 1928 akina Whitehead walitoa huko Wayika mwongozo wao wa Kingwana. Aliyechorwa humo ni mmisionari na watu wa namna yake, waliotaka kueleweka na wenyeji. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha jinsi miongozo mingi ya Katanga ilivyoishona lugha kwa kipimo cha amri: lete, chukua, fanya upesi. Aliyejifunza kwa vitabu hivyo hakuhitaji kujibiwa. Tukumbuke jambo hilo tunapozitazama njia za leo, kwa maana swali la kwanza kuhusu njia yoyote ni huyu: ni nani aliyefikiriwa?

Tuanze na ile inayosifiwa zaidi. Duolingo, kampuni ya Pittsburgh nchini Marekani, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2012. Masomo yake ya Kiswahili yalitokea mwaka 2017. Yalitungwa na watu wa kujitolea, wakiwamo Wamarekani waliowahi kutumika Afrika Mashariki katika Peace Corps. Tusiwabeze. Walitoa saa zao bure, na kwa kazi yao watu wengi sana duniani wamepata kulionja neno la Kiswahili kwa mara ya kwanza. Mpango huo wa kujitolea ulikomeshwa mwaka 2021, mwaka ambao kampuni iliingia pia katika soko la hisa.

Ubaya wa kwanza kwetu si wa ufundi, ni wa mlango. Masomo yale yametungwa kwa wasemaji wa Kiingereza. Mwanafunzi wetu, aliyesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, hana budi kupita katika Kiingereza asichokijua vema ili afike katika Kiswahili anachokijua zaidi ya nusu. Ataisoma sentensi ya Kiswahili na kuielewa papo hapo, kisha atahukumiwa mkosaji kwa kuwa amekosea wakati wa kitenzi cha Kiingereza. Ni kama mtu anayetoka Kamalondo kwenda Kenya, mtaa jirani, naye akalazimishwa kupitia London.

Ubaya wa pili ni wa ndani zaidi, nao unazigusa programu nyingi za namna hiyo, si ile moja tu. Zoezi lao kuu ni kufasiri: sentensi huonyeshwa katika lugha moja, na mwanafunzi huijenga katika nyingine kwa kugusa vijineno vilivyotawanywa kiooni. Kwa vazi ni jambo jipya. Kwa mwili ni ile njia ya sarufi na tafsiri iliyotawala shule za Ulaya katika karne ya 19. Lakini hata tukiikubali njia hiyo, tazama linalotokea inapokutana na lugha ya Kibantu. Msemaji wa Kifaransa akitaka kusema kwamba watu fulani walimpikia mtu, atakusanya maneno manne au matano na kuyapanga, na kule kupanga ndiko kujifunza. Katika Kiswahili mambo hayo yote yamo katika neno moja: walimpikia. Kijineno kimoja kinabeba kiima, wakati, mtendwa, mzizi na mnyambuliko wa kutendea. Mwanafunzi anaona «pik», anakumbuka jiko, anagusa, kengele inalia kwa furaha. Hakuunda chochote. Amelitambua neno kama mtu anavyoitambua sura ya jirani bila kujua majina ya mifupa yake.

Tulilishuhudia jambo hilo kwa macho. Mwanafunzi mmoja, kijana mwenye bidii, alitujia na mfululizo wa siku 140 katika programu fulani ambayo jina lake tutaliacha. Hakuwa amekosa hata siku moja, pamoja na delestaji na bei ya mega. Tulimpa sentensi hii: «Mgeni alimletea mtoto kitabu.» Tukamwomba awafanye wageni kuwa wengi na vitabu kuwa vingi. Akafikiri, kisha akasema: «Wageni alimletea mtoto vitabu.» Tulipomwuliza kuhusu kitenzi, alijibu kwa Kiswahili chake kizuri cha nyumbani: «Mwalimu, ile neno haiyatoka bado mu telefone.» Darasa lilicheka, naye akacheka pia. Lakini jibu lake lilikuwa sahihi kabisa kama maelezo. Kwake walimletea lilikuwa neno jingine, la kungojwa, si umbo la kuundwa. Na jambo la kusikitisha ni kwamba nyumbani kwake angesema «balimuletea» bila kusita hata kidogo. Kanuni aliyoikosa alikuwa nayo mdomoni. Programu haikumwonyesha kwamba ni ileile.

Hapa inatubidi tutoe kitabu cha zamani kabatini. Mwaka 1963 Foreign Service Institute, chuo cha wanadiplomasia wa Marekani, kilichapisha mwongozo wa Kiswahili wa Earl Stevick, pamoja na J. G. Mlela na F. N. Njenga. Karatasi zake ni za taipureta, picha hazimo, na masomo yake mafupi mafupi yanafuatana kwa wingi wa kuchosha. Kwa kuwa ni mali ya serikali ya Marekani, kitabu na sauti zake husambazwa bure. Aliyefikiriwa humo ni mwanadiplomasia aliyelipwa mshahara ili ajifunze siku nzima, kwa makadirio ya chuo hicho takriban wiki 36. Tupige hesabu: wiki 36 za saa 25 ni saa 900. Anayesoma dakika 15 kwa siku katika simu yake atazifikia saa hizo baada ya siku 3,600, karibu miaka kumi. Tangazo linaloahidi lugha kwa dakika chache za kila siku halisemi uongo kuhusu dakika. Linanyamaza tu kuhusu miaka.

Ila uzuri wa kitabu kile uko katika zoezi lake la kubadili. Mwalimu anasema sentensi, kisha anatoa neno moja, na mwanafunzi anaisema sentensi yote upya. Kitabu changu kimoja kimepotea. Barua: barua yangu moja imepotea. Shoka: shoka langu moja limepotea. Mafunguo yote ya sarufi yanageuka kwa pamoja, na sikio linapata habari kwamba nomino ndiyo inayoamrisha. Vivyo hivyo katika kitenzi: nilimwona, nilikuona, ulinikuta, hawakutukuta, mofimu moja baada ya nyingine, hadi ulimi ukubali. Hatujui zoezi linaloufaa zaidi muundo wa lugha ambishi bainishi. Ajabu ni kwamba simu ingeliweza kulifanya zoezi hilo vizuri sana, bila kuchoka, lakini watungaji wamependelea vijineno na kengele.

Tusije tukafanya kitabu hicho kuwa sanamu. Mazoezi ya namna hiyo yalitokana na imani kwamba lugha ni mazoea, na mazoea hupatikana kwa kurudiarudia. Na ni kweli kwamba mtu anaweza kugeuza sentensi mia bila kuwa na jambo lolote la kumwambia mtu. Stevick mwenyewe aliliona. Katika maandishi yake ya baadaye, hasa yale ya mwaka 1976 na 1980, alifikia wazo kwamba mafanikio hayategemei sana vitabu wala mbinu wala uchambuzi wa kiisimu, bali yanayotokea ndani ya watu walio darasani na baina yao. Wazo hilo limetoka kwa mtu aliyetunga mazoezi, si kwa mtu aliyeyakimbia, na ndiyo sababu tunaliheshimu.

Njia nyingine tutazigusa kwa ufupi. Assimil, nyumba ya Kifaransa iliyoanzishwa na Alphonse Chérel mwaka 1929, ina kitabu cha Kiswahili kwa wasomao Kifaransa, na kwa hiyo mlango wake tunaweza kuuingia. Mwanafunzi husoma na kusikiliza mazungumzo mafupi yenye tafsiri pembeni, bila kulazimishwa kusema. Baadaye hurudi nyuma na kutoka katika Kifaransa kuelekea Kiswahili. Kwa mtu mzima mwenye nidhamu ni njia yenye adabu. Kadi za Anki, programu iliyoanzishwa na Damien Elmes mwaka 2006, hutegemea jambo ambalo Ebbinghaus alilichunguza tangu 1885, yaani kusahau kwa hatua; kwa msamiati tumeziona kuwa na faida kubwa, tena hufanya kazi bila intaneti. Kwa sarufi hazisaidii mpaka mwanafunzi mwenyewe atunge kadi zake, na anayejua kuzitunga hazihitaji sana.

Katika zote hizo, narudia, hatukumkuta kijana wetu. Kwa programu na kwa vitabu yeye ama hajui kitu, ama anakosea. Hakuna mahali anapoambiwa: ba- yako ni wa- ya kule, «muntu» wako na «mtu» wao ni neno moja, njo yako inafanya kazi wanayoifanyia ndiyo, lakini hapa, kwenye upatanisho wa vitu visivyo na uhai, wewe na wao mmeachana kweli, na hapo ndipo utie jasho. Mwalimu anayezijua sarufi zote mbili humwokolea miezi. Programu humwita mjinga kwa lugha ya mama yake, naye huanza kusadiki. Tumewasikia wanafunzi, tena wa lisansi ya isimu, wakisema kwamba wao «hawajui Kiswahili». Walilisema kwa Kiswahili.

Kwa sababu hizo tulipinga saa za mazoezi zisipunguzwe, na kwa sasa zimebaki, ingawa jambo halijafungwa. Hatukuzifukuza simu. Kikundi cha wanafunzi kumi na wawili kimechukua mazoezi ya kubadili, kikatupa majina ya Washington na kuweka ya Katuba na Ruashi, na sasa hurekodi kila sentensi mara mbili: kwanza kama isemwavyo nyumbani, kisha kwa sanifu, na kimya kifupi katikati ili msikilizaji ajaribu mwenyewe. Sauti hupitishwa kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth, bila kununua mega. Ngeli ya KI-VI imekamilika, na ya LI-YA pia. Ile ya U imekwama tangu mwezi wa pili, kwa sababu watungaji hawajapatana kama zoezi la kwanza lianze na «udongo» kisha lifuate «bulongo», au bulongo itangulie.