Usione Vyaelea: Mji wa Columbia na Waliouunda

Wahenga walinena kuwa usione vyaelea, vimeundwa. Msemo huu ulikusudiwa vyombo vya majini, lakini wafaa pia kuupimia mji wa kubuni uitwao Columbia, unaoelea mawinguni katika mchezo wa video wa BioShock Infinite. Mchezo huo ulitungwa na kampuni ya Irrational Games ya Marekani, chini ya uongozi wa Ken Levine, ukatolewa mwaka 2013. Huenda wakatokea wa kuuliza: mchezo wa namna hiyo wahusianaje na uhakiki wa sanaa? Sisi tunaona kuwa kila kisa kinachowafikia watu wengi hubeba maoni fulani juu ya maisha, na kwa hiyo yatupasa kukipima kama tupimavyo riwaya au tamthilia.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1912. Booker DeWitt, askari wa zamani aliyeshiriki katika mauaji ya Walakota huko Wounded Knee mwaka 1890, anatumwa Columbia kumtoa Elizabeth, msichana aliyefungiwa mnarani. Mtawala wa mji, Comstock, anajiita nabii, na anahubiri kuwa watu wake wameyaacha maovu ya dunia huko chini. Mgeni aingiapo huona maua, bendera na watoto wakicheza. Kisha anashinda bahati nasibu, na zawadi yake ni kuwa wa kwanza kuwarushia mpira wapenzi wawili waliofungwa jukwaani, mwanamume Mzungu na mwanamke Mweusi. Hapo ndipo tunapoiona nguvu ya sanaa hii mpya. Katika tamthilia mtazamaji hukaa kitini akahuzunika. Humu mpira umo mkononi mwa mchezaji, naye hana budi kuchagua.

Watunzi hawakuyabuni haya bila asili. Kisa kinauhusisha mwanzo wa Columbia na maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893, ambayo majumba yake meupe yaliwastaajabisha walimwengu. Mwaka huo huo Frederick Douglass na Ida B. Wells walishirikiana na wenzao kutoa kijitabu cha kulalamika kwamba Wamarekani Weusi wametengwa katika sherehe hiyo ya taifa lao. Weupe wa majumba, basi, ulikuwa na kivuli chake.

Kivuli hicho Columbia imekichukua hadi angani. Katika kitongoji cha Finkton, chini ya tajiri Jeremiah Fink, kazi hunadiwa kama samaki: apewaye ni yule akubaliye kuimaliza upesi kuliko wenzake. Hapa tunawasifu watunzi, kwa kuwa wametuonyesha mikono inayoufanya mji uelee.

Hata hivyo, wanyonge hao wanapoinuka, watunzi wanawatupa. Daisy Fitzroy, mwanamke Mweusi anayewaongoza waasi waitwao Vox Populi, anageuzwa ghafla kuwa muuaji anayetishia uhai wa mtoto, na Elizabeth anamwua. Mchezaji anaelekezwa kuamini kuwa Fitzroy na Comstock ni mamoja. Katika nyongeza ya mwaka 2014 watunzi walieleza kuwa Fitzroy alishawishiwa kutenda vile ili Elizabeth apate kukomaa. Kwetu sisi maelezo hayo yamezidisha kosa, maana kiongozi wa watu wake amefanywa ngazi ya kupandia mwingine.

Hatudai kuwa msanii awapambe waasi. Historia inajua mapinduzi yaliyomwaga damu ya wasio na hatia, na kulificha jambo hilo ni uongo. Tunachodai ni kwamba atuonyeshe hatua kwa hatua jinsi mjeledi unavyozaa kisu. Comstock amepewa nafasi ya kutosha kueleza imani yake, majuto yake na hofu zake. Fitzroy amepewa hasira tu. Mizani iliyopakiwa upande mmoja haiwezi kutoa hukumu ya haki, hata ikiwa imenakshiwa kwa dhahabu.

Vijana wetu wanaocheza na kutunga michezo hii wajifunze ufundi wa Columbia, maana ni mkubwa. Lakini wanapouinua mji wao hewani, wawape walio chini yake muda wa kusema.