Kupigwa, Kujipiga na Kupigiana Picha: Uhakiki wa Sanaa ya Jo Spence

Uhakiki wetu wa Kiswahili umeelekea zaidi kwenye ushairi, riwaya na tamthilia. Picha ya kamera haijapewa nafasi kubwa. Makala haya yanachunguza kazi za Jo Spence (1934–1992), mpiga picha Mwingereza ambaye katika sanaa yake neno na mwili haviwezi kutenganishwa. Wengi humsifu kwa ujasiri wa kuuonyesha mwili mgonjwa. Hoja yetu ni kwamba thamani ya sanaa hiyo imo hasa katika kuugeuza uhusiano baina ya anayepiga na anayepigwa picha. Uhusiano huo hudhihirika vizuri katika mnyambuliko wa vitenzi vyetu, na tutautumia mnyambuliko huo kama nyenzo ya uhakiki, bila kudai kwamba msanii aliijua lugha hii. Aidha, tunakiri kwamba kitenzi piga katika kupiga picha hakina maana ya kuchapa. Kinachotuhusu ni nani mtenda na nani mtendwa.

Tuanze na kupigwa. Spence alizaliwa London katika familia ya wafanyakazi wa kiwandani. Alifanya kazi ya ukatibu, kisha akawa na studio ya kupiga picha za harusi na za familia. Humo alijifunza kwamba anayepigwa picha huelekezwa akae vipi na atabasamu lini. Katika maonyesho ya mwaka 1979 katika Hayward Gallery, London, alizipanga picha zake mwenyewe tangu utotoni, akaandika kando yake yale ambayo albamu ya familia huyaficha: maradhi, kazi, ugomvi na tofauti za kitabaka. Picha zilikuwa zilezile. Maandishi ndiyo yaliyozifanya zikiri.

Mwaka 1982 Spence aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Ameeleza jinsi daktari kijana, akifuatana na wanafunzi wake, alivyofika kitandani, akamtia alama ya wino juu ya titi na kumwarifu kwamba litaondolewa. Spence alikataa, akakubali kuondolewa uvimbe tu. Kabla ya upasuaji, kwa kushirikiana na Terry Dennett, alipiga picha titi lake likiwa limeandikwa maneno yenye maana ya ‘Mali ya Jo Spence?’ Hapa tunafikia kujipiga. Dennett alikuwa mshiriki, lakini uamuzi wa nini kionekane na kisemwe nini ulikuwa wa mgonjwa mwenyewe.

Uzito wa picha hii umo katika alama ya kuulizia. Bila alama hiyo, maneno yale yangekuwa tangazo la umilikaji, na mjadala ungekwisha. Alama inaukiri unyonge wa mgonjwa papo hapo anapoupinga. Msomaji wa pwani ataikumbuka kanga: jina lake husema hadharani yale ambayo mvaaji hangeyatamka kwa kinywa, na anayelengwa hujijua. Tofauti ni kwamba mvaaji wa kanga huuchagua usemi uliokwisha kuchapwa, ilhali Spence aliutunga wake, na mahali pa nguo akaweka ngozi.

Katika miaka ya 1980, Spence na Rosy Martin walibuni njia ya kutumia kamera katika tiba ya nafsi. Walipokezana: leo huyu ameshika kamera na kusikiliza, kesho yeye ndiye aliye mbele yake. Spence alivaa hata mavazi ya kazi ya mama yake ili aufahamu uchungu wa mzazi huyo. Hii ndiyo hatua ya kupigiana picha, na kwa maoni yetu ndiyo kilele cha sanaa yake, kwani hapo mtendwa hakugeuka bwana wa mwingine.

Hata hivyo, kazi hizi zina udhaifu. Mara nyingine maelezo ni marefu mno, hata picha ikawa kielelezo cha hotuba. La pili ni zito zaidi: katika kazi za mwanzo kuhusu hospitali, daktari husimuliwa tu, hasikiki. Kupigiana kumekomea mlangoni. Spence alilisahihisha jambo hili kwa kiasi mwaka 1990, alipofanya kazi pamoja na daktari, Tim Sheard. Katika picha mojawapo amekifunua kifua chake, nacho kimeandikwa neno lenye maana ya zimwi. Tusi ambalo jamii hulinong’ona juu ya mwili uliokatwa sasa linasomwa mchana kweupe, na mtu wa tiba ni mshirika katika kulisomesha.

Je, sanaa hii iliponya? Kiswahili hutofautisha kutibiwa na kupona: la kwanza hutendwa na mwingine, la pili ni la mgonjwa mwenyewe. Spence alifariki mwaka 1992 kwa saratani ya damu, na katika kazi zake za mwisho alizitumia tena picha zake za zamani pamoja na mafuvu na vinyago, kwa kuwa mwili ulikuwa umechoka. Kwa hiyo tukipima kwa afya ya mwili, jibu ni la. Lakini alama ya wino aliyotiwa bila kuulizwa aliijibu kwa wino wake mwenyewe. Mhakiki anayeuliza kama mgonjwa ana haki ya kuusemea mwili wake hawezi kuipuuza kazi hii, wala hana sababu ya kuichambua kwa istilahi za kuazima wakati sarufi yake imekwisha kumpa tatu zinazotosha.