Sanamu Yake: Sifa ya Ufundi wa Mwalimu wa Sarufi

Anayetaka kuupima ufundi wa mwalimu wa Kiingereza katika kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya asiutafute kwanza katika insha ndefu za wanafunzi wake, bali autafute katika kipashio kidogo ambacho vitabu vingi vya shule hukipitia mbiombio, nacho ni kirai kihusishi chenye kiwakilishi kinachoifuata nomino. Kihusishi ni neno linaloonyesha uhusiano kati ya kitu kimoja na kingine, kama "of", "to" na "with" katika Kiingereza. Kiwakilishi ni neno linalosimama mahali pa nomino. Na viwili hivyo vikiungana nyuma ya nomino hupatikana semi kama "a friend of mine", "a letter to him" na "the rest of us", ambazo kwa macho ni fupi ingawa anayezitumia huwa ameshaamua mambo kadhaa kabla ya kufungua kinywa.

Mwanafunzi wa maeneo hayo haji darasani mikono mitupu. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 kuhusu elimu ya Kenya ilipendekeza kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na katika vijiji vya Nyamira lugha hiyo ni Ekegusii, ilhali mjini Kisii, wanakokutana watu wa jamii nyingi, Kiswahili hupata nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo Kiingereza kinapoanza kubeba masomo mengi, mtoto amekwisha kuwa na mazoea ya lugha mbili za Kibantu ambazo hutanguliza nomino na kumleta mwenye kitu baadaye. Asemaye "mtoto wangu" kwa Kiswahili na "omwana one" kwa Ekegusii, au "watoto wangu" na "abana bane", anafuata mpangilio uleule, na kimilikishi, yaani neno linalotaja mwenye kitu, hupatana na ngeli ya nomino iliyotangulia. Mwanaisimu Wilfred Whiteley, aliyechapisha mwaka 1960 uchunguzi wake wa mfumo wa njeo wa Ekegusii, alivutiwa na kitenzi, na wengi waliomfuata wamevutiwa na kitenzi vilevile. Si ajabu, kwa kuwa kitenzi cha Kibantu kina mengi ya kuonyesha, lakini kundi la nomino nalo lina siri zake, na mwalimu wa lugha ya pili ndiye anayelazimika kuzijua hata kama hakuna aliyemwandikia kitabu.

Siri ya kwanza ni sababu ya mwanafunzi hodari kuandika "this our school" au "that my friend", makosa yanayosikika Afrika Mashariki na ambayo kalamu nyekundu huyafuta bila kuyaeleza. Katika Kiingereza cha leo, "a", "the", "this" na "my" ni vibainishi, yaani maneno yanayotangulia nomino na kuonyesha ni ipi inayozungumziwa, na maneno hayo hugombea kiti kimoja, kwa hiyo "that" akishaketi "my" hana budi kuhama, avuke nomino na kujitokeza upande wa pili akiwa amevaa sura ya "of mine". Katika Kiswahili na Ekegusii hakuna kiti cha kugombewa. "Rafiki yangu huyu" ni maneno matatu yanayokaa pamoja bila ugomvi, na "rafiki yangu mmoja" pia, kwa hiyo anayeandika "that my friend" hajakosa mantiki, ila ameupeleka ukarimu wa lugha yake mahali usikokubaliwa. Hata Kiingereza chenyewe hakikuwa kibahili hivyo tangu zamani, kwani tafsiri ya Biblia iliyotolewa Uingereza mwaka 1611 huweka kionyeshi na kimilikishi bega kwa bega mbele ya nomino. Mwalimu anayelijua jambo hilo hufuta kosa lilelile kwa kalamu ileile, lakini mwanafunzi huondoka na sababu, wala haondoki na aibu.

Siri ya pili ni nzito zaidi, na mfano wake bora haupatikani mbali. Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, ni makao ya wachongaji wa mawe laini, na mmoja wao aliyevuma duniani ni Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege wa amani imewekwa katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Sentensi hiyo imesema "sanamu yake", na msomaji wa Kiswahili ameielewa kwa kuwa ndege ametajwa. Lakini maneno "sanamu yake", yakiachwa peke yake, yana maana tatu, kwa maana yanaweza kuitaja sanamu aliyoichonga, sanamu anayoimiliki, au sanamu inayoonyesha sura yake mwenyewe. Kiswahili huiacha milango hiyo wazi na kumwachia msikilizaji achague, na haja ya kuifunga inapotokea, hutumia kirejeshi, ikasemwa "sanamu aliyoichonga" au "sanamu inayomwonyesha yeye". Kiingereza nacho kina "his sculpture", usemi wenye utata uleule, ila kimejiwekea njia mbili za pembeni. "A sculpture of his" ni kazi ya mkono wake au mali yake, na "a sculpture of him" ni sanamu ambayo anayeitazama humwona yeye. Mwanafunzi akiandika kwamba Paris kuna "a sculpture of him", mgeni atakayeisoma sentensi hiyo atatafuta uso wa mtu na kukutana na ndege.

Herufi zinazotofautisha "his" na "him" ni chache mno, na ndiyo sababu kukariri hakusaidii sana. Anayefundisha vyema hapo huahirisha kanuni na kutanguliza maswali: ni nani aliyeshika patasi, ni nani aliyeilipia, na ni nani anayeonekana katika jiwe? Maswali hayo yanaweza kuulizwa kwa Ekegusii au kwa Kiswahili bila kupoteza chochote, kwa kuwa uhusiano wa mtu na kitu haubadiliki kwa sababu lugha imebadilika, na mwanafunzi akishalijibu swali lifaalo huchagua kiwakilishi kana kwamba amekijua siku zote. Ufundi huo unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa. Mtihani wa KCSE wa kumaliza shule ya sekondari, unaofanywa tangu 1989, hupima sarufi katika karatasi ya pili ya Kiingereza kwa kumtaka mtahiniwa aandike upya sentensi au ajaze pengo, na maswali ya namna hiyo hutuza jibu bila kuuliza limefikiwaje. Mwalimu anayetafuta alama peke yake angeweza kupita njia ya mkato, na wapo wanaoipita.

Mengine yanahitaji saburi tu. Baada ya kihusishi Kiingereza hudai "me", "him" na "us" badala ya "I", "he" na "we", jambo geni kwa anayesema "mimi" popote pale, na hudai pia mwanamume atofautishwe na mwanamke, ambao Kiswahili na Ekegusii huwataja kwa kiwakilishi kimoja. Kwa upande mwingine "one of us has left" haipaswi kumsumbua yeyote, maana asemaye "mmoja wetu ameondoka" tayari anakipatanisha kitenzi na "mmoja", wala si na "sisi".

Linalobaki ni sauti. "That cow of yours" huweza kusemwa na jirani ambaye mahindi yake yameliwa usiku, na huweza kusemwa na mnunuzi aliyesimama uani akimtamani ng'ombe yuleyule. Maneno hayaongezeki wala hayapungui, kama vile "huyo ng'ombe wako" isivyobadilika inaposemwa kwa hasira au kwa husuda. Kinywani, kiimbo hutenganisha mambo hayo mara moja. Katika maandishi kiimbo hakipo, kwa hiyo mwalimu anayeifahamu kazi yake hakubali sentensi hiyo iandikwe pweke daftarini, bali humwagiza mwanafunzi aandike kwanza sentensi itakayoitangulia, na humo ndimo huonekana kama ng'ombe ameingia shambani au amepelekwa sokoni.