Kumfuata Nyuki kwa Sikio

Wahenga walituambia: fuata nyuki ule asali. Wapo wachache waliomfuata wakitaka sauti yake tu, wakaigeuza muziki. Kazi yao naiheshimu kuliko tungo nyingi zenye kishindo, kwa kuwa humlazimu mtunzi kunyamaza kwanza.

Wa mapema kati yao ni Charles Butler, kasisi wa Hampshire, Uingereza, aliyefuga nyuki. Kundi linapokaribia kugawanyika, malkia kijana hulia mzingani kwa mlio mrefu unaofuatwa na mifupi, na malkia wenzake, wangali wamefungiwa katika vyumba vyao vya nta, humjibu. Wafugaji wengi walisikia mlio ule wakaupita. Butler aliuandika kwa noti katika kitabu chake cha mwaka 1609, na katika toleo la 1623 akaukuza kuwa wimbo wa sauti nne.

Nikolai Rimsky-Korsakov yeye aliandika mwendo. Katika opera yake ya Mfalme Saltan, iliyoonyeshwa Moscow mwaka 1900, mwana wa mfalme anageuzwa nyuki mnene mwenye manyoya ili avuke bahari amfikie baba yake. Anaporuka, noti hupanda na kushuka kwa hatua ndogo kabisa, nusu toni baada ya nusu toni, mbio bila kituo. Hatua pana zingetupa ndege. Hizi za kubanana zinatupa mdudu anayepinda, anayerudi, asiyetabirika. Tena fidla, filimbi na klarineti hupokezana mbio hizo, hata sikio likaamini kiumbe amehama kutoka pembe moja ya jukwaa hadi nyingine. Wapigaji mahiri wa leo huupiga muziki huo peke yao kushindania kasi. Mimi napenda zaidi ule wa okestra, maana humo uzuri uko katika kupokezana.

Karne hii, msanii Wolfgang Buttress aliwaalika nyuki wenyewe. Mnara wake wa alumini wenye kimo cha mita 17 ulijengwa kwa maonyesho ya Milan ya 2015, kisha ukahamishiwa bustani ya Kew, London. Vihisio vilivyowekwa katika mzinga halisi hunasa mitetemo ya nyuki, nayo huongoza taa na sauti za mnarani. Wanamuziki walisikiliza mvumo wa mzinga, wakaukuta karibu na noti ya Do, wakapiga ala zao juu yake bila karatasi, wakiufuata ulikoelekea.

Butler alinakili, Rimsky-Korsakov akaigiza, wa Kew wakaitikia. Katika njia zote tatu, kipimo cha ufundi ni kimoja: uaminifu kwa kilichosikika. Anayetunga kwa mawazo yake mwenyewe anaweza kupamba apendavyo. Anayetunga kwa sauti ya nyuki ana mdai wake, na kila noti ya ziada ni deni. Nidhamu hiyo ingewafaa watunzi wote, hata wasiowahi kukaribia mzinga.