Mwangalie Anayengoja Zamu

Mwalimu wa darasa la awali katika kata ya Kanyenye, Manispaa ya Tabora, hahitaji mashine ya kupima mapigo ya moyo ili ajue kama mchezo wa asubuhi umewatoa watoto jasho. Macho yake na saa ya simu vinatosha. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha kipimo kiitwacho CARS, chenye ngazi tano. Mtoto aliyetulia tuli yuko ngazi ya 1. Akiwa amesimama au ameketi huku mikono na miguu ikicheza, ni 2. Akitembea polepole ni 3, akienda kwa nguvu ya wastani ni 4, akikimbia au kuruka kwa nguvu zake zote ni 5. Mazoezi tunayoyatafuta yako kwenye 4 na 5.

Chukua mbio za kupokezana kijiti, mchezo unaoonekana mkali kuliko yote. Tuseme darasa lina watoto 40, mwalimu amewapanga mistari minne ya kumi kumi, na kila mtoto anatumia sekunde 10 kwenda na kurudi. Akishakabidhi kijiti, anasubiri sekunde 90 wenzake tisa wamalize. Katika kipindi cha dakika 20 amekimbia dakika 2 tu. Dakika 18 zilizobaki amesimama mstarini, ngazi ya 1 au 2, akimsukuma wa mbele yake. Wapange mistari kumi ya wanne wanne, na mtoto yuleyule anakimbia dakika 5. Watoto, uwanja na muda ni vilevile, ila zoezi limezidi mara mbili na nusu.

Ndiyo maana nasema ukali wa mchezo uko kwenye kanuni zake. Tazama rede. Mtoto wa katikati anachuchumaa kukomba mchanga, anautia kwenye chupa, mpira unakuja, anaruka pembeni, anageuka na kuinama tena. Mapaja, mgongo, mikono na macho vyote viko kazini, na ngazi inapanda na kushuka kati ya 4 na 5 bila mtu kumhimiza. Kwangu mimi hakuna mazoezi bora ya mwili mzima kwa mtoto wa miaka mitano. Lakini anayecheza hivyo ni mmoja, au wachache. Warushaji wawili wako ngazi ya 2 au 3, na walioguswa na mpira wamekaa pembeni wakishangilia.

Tena anayeguswa mapema ni yule mzito wa miguu, ambaye ndiye anayehitaji mazoezi kuliko wenzake. Kanuni ya kutoa mtu nje inampumzisha yeye na kumchosha aliye hodari tayari. Dosari hiyo imo pia katika nyama nyama nyama, pale anayeruka kwa mnyama asiyeliwa anapotolewa. Dawa ni rahisi: aliyekosea aruke mara tano kisha arudi mchezoni.

Ukuti ukuti ni habari nyingine. Hakuna anayengoja, wote wamo kwenye duara, lakini hatua zinafuata wimbo, na wimbo ukiimbwa taratibu mtoto hapiti ngazi ya 3. Mwalimu akiharakisha mapigo ya makofi, duara zima linapanda hadi 4. Watoto wakianza kuhema na kukatiza maneno ya wimbo, ajue amefika panapotakiwa, na awarudishe kwenye mwendo wa polepole.

Kupumzika nako ni sehemu ya mazoezi, maana mtoto si mwanariadha mdogo wa mbio ndefu. Utafiti wa mwaka 1995 kusini mwa California, uliowatazama watoto wa miaka 6 hadi 10, ulikuta kwamba nusu ya vipindi vyao vya nguvu nyingi havikuzidi sekunde 3, na asilimia 95 vilikuwa chini ya sekunde 15. Anachomoka, anatulia, anachomoka tena. Kombolela inakwenda hivyohivyo: mtoto anajificha kimya, kisha anafyatuka kama mshale kuliwahi kopo.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 ashughulishe mwili angalau dakika 180 kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za nguvu ya wastani hadi nyingi. Kuanzia miaka 5, wastani ni dakika 60 za namna hiyo kila siku. Dakika 2 za kijiti haziwezi kufika huko.

Basi walimu wa awali, Kanyenye na kwingineko, fanyeni hivi wiki hii. Mchezo uwe kabla ya saa nne asubuhi, hasa Septemba na Oktoba jua la Tabora linapokuwa kali, na maji ya kunywa yawe karibu. Chagueni watoto watatu, akiwemo yule anayebaki nyuma kila siku. Mtazameni kila mmoja kwa zamu na kuandika ngazi yake. Wakiwa chini ya 4 kwa sehemu kubwa ya kipindi, msiuache mchezo, badilisheni kanuni.