Guangzhou: ukuta unaamuliwa kwenye ramani

Februari 2016, Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti cha China pamoja na Baraza la Serikali walitoa mwongozo wa mipango miji. Ndani yake mlikuwa na agizo lililozua mjadala nchi nzima: kimsingi, makazi mapya yaliyofungwa kwa ukuta yasijengwe tena, na yale yaliyokwisha kujengwa yafunguliwe hatua kwa hatua ili barabara zake za ndani zitumiwe na umma.

Agizo hilo liliwahusu wakazi wa Guangzhou moja kwa moja. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo na Mombasa wanaofikia mtaa wa Xiaobei wanaujua mji huo kwa masoko yake, lakini wenyeji wengi wanaishi nyuma ya geti lenye mlinzi, katika makazi yanayoitwa xiaoqu. Huko Panyu, kusini mwa mji, Clifford Estates iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni kubwa kiasi cha kuwa na shule, hospitali na mabasi yake yenyewe. Watu waliposikia agizo lile, waliona tingatinga likija getini.

Tingatinga halikuja, na sababu ni ya kisheria. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mali ya 2007 kilisema kwamba barabara zilizo ndani ya eneo la majengo ni mali ya pamoja ya wenye nyumba, isipokuwa zile ambazo ni barabara za umma za mji. Kanuni hiyo imo pia katika kifungu cha 274 cha Kanuni ya Sheria za Kiraia, inayotumika tangu Januari 1, 2021. Nyuma yake kuna hesabu ya fedha. Serikali ya mji ilimuuzia mjenzi haki ya kutumia kipande kikubwa cha ardhi. Mjenzi akatengeneza barabara, bustani na taa kwa gharama yake, kisha akaiingiza gharama hiyo katika bei ya nyumba, na wakazi wakaendelea kulipia ulinzi na usafi kila mwezi. Mji uliokoa fedha za kujenga barabara. Kuichukua leo barabara ile bila fidia ni kumtoza mnunuzi mara mbili. Siku chache baada ya mwongozo kutoka, Mahakama ya Juu ya Watu ilisema inalifuatilia suala hilo, na Wizara ya Nyumba ikafafanua kwamba kwenda hatua kwa hatua si kuvunja kuta zote kwa mkupuo.

Kazi yenyewe ikahamia mahali ambapo wengi hawatazami: katika viwango vya upangaji wa makazi. Kiwango cha zamani cha taifa kiliichukua xiaoqu ya watu 10,000 hadi 15,000 kuwa kipande cha kawaida cha mji. Kiwango kipya, GB 50180-2018, kilichoanza kutumika Desemba 1, 2018, kimeweka kipande cha msingi cha hekta 2 hadi 4 chenye watu 1,000 hadi 3,000 na kinachozungukwa na barabara. Umbali kati ya barabara za mji usizidi mita 300, na unaopendekezwa ni mita 150 hadi 250. Kila kilomita ya mraba iwe na angalau kilomita 8 za barabara.

Tarakimu hizi hazikuokotwa. Chora barabara za mraba zilizoachana mita 250 na utapata kilomita 8 kamili kwa kilomita ya mraba. Ziachanishe mita 600, kama ilivyo pale ukuta mmoja unapomeza mtaa mzima, na unabaki na kilomita 3.3 hivi. Mtembea kwa miguu anayetoka katikati ya upande mmoja kwenda katikati ya upande wa pili atazunguka mita 1,200 badala ya kukata mita 600. Magari nayo yote yanasukumwa kwenye barabara chache pana, na foleni inazaliwa hapo. Kwenye kipande cha mita 200 kwa 200, yaani hekta 4, mzunguko huo ni mita 400 tu. Hapo wakazi wanaweza kubaki na uzio wao na geti lao, na mji hauumii.

Kwa maoni yangu, huu ndio uamuzi bora katika jambo zima. Usalama wa mtoto anayecheza uani ni haki ya kweli, na mpangaji wa mji hana sababu ya kuudharau. Kilichotakiwa kupunguzwa ni ukubwa wa kile kinachofungwa. Udhaifu wake ni kwamba kiwango hiki kinatawala viwanja vipya na maeneo yanayojengwa upya, na Panyu ya miaka ya 1990 inabaki na kuta zake.

Guangzhou imewahi kufanya kazi hii ya kuondoa kuta kwa kasi zaidi. Ofisi ya manispaa iliyoundwa mwaka 1918 ilibomoa ukuta wa kale wa mji, na juu ya msingi wake zikapita barabara ambazo leo ni Renmin na Yuexiu. Kipande kilichosalia kiko kwenye kilima cha Yuexiu, karibu na Mnara wa Zhenhai wa mwaka 1380. Lakini ukuta ule ulikuwa wa dola. Hakukuwa na maelfu ya wanunuzi waliokuwa na hisa ndani yake.

  

Dar es Salaam tunalijua suala hili la kuitafuta barabara baada ya watu kujenga kwa upande wa maumivu. Mwaka 2017 nyumba zilibomolewa kuanzia Kimara hadi Kibaha kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Sasa mashamba ya pembezoni mwa jiji yanakatwa viwanja na kuuzwa, na baadhi ya wauzaji wanatangaza ukuta na geti kama sehemu ya bei. Ofisa mipango miji anayepokea mchoro wa namna hiyo anaweza kudai barabara ya umma kila baada ya mita 250 kabla ya kugonga muhuri, wakati hakuna bado aliyelipia tofali hata moja.