Kigumba Hakifungiwi Stoo

Mliokuwa uwanjani mliona wenyewe. Raundi ya mwisho ya mashindano ya upinde ya sungusungu, walinzi wa jadi, huku kwetu Kahama, mshale baada ya mshale ulipita kulia kwa ngozi ya shabaha na kujichimbia ardhini. Jukwaani watu wakasema vijana wameingiwa na woga. Hapana. Kamati ya mashindano ndiyo iliyokosea, na ilikosea wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Uamuzi wenyewe ulikuwa huu: vigumba vyote, yaani vichwa vya chuma vya mishale, vikusanywe, vifungiwe stoo kwa ajili ya usalama, vijana wafanye mazoezi kwa mishale ya mti mtupu iliyochongwa ncha. Asubuhi ya mashindano gunia likafunguliwa, kila mmoja akagawiwa mishale ya chuma kadiri mkono wa mgawaji ulivyoangukia. Aliyezoea kijiti chepesi akapewa chuma, tena chuma cha mwenzake, na akatakiwa apige ngozi ile ile kwa umbali ule ule.

Tuanze na uzito. Upote unapoachiwa, uti wa mshale haubaki umenyooka. Unapinda kidogo na kuuzunguka upinde ndipo uende zake. Ukiongeza chuma mbele, kile chuma kinachelewa kuondoka wakati upote tayari unasukuma nyuma, kwa hiyo uti unapinda zaidi. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mshale wa namna hiyo hukimbilia kulia. Na kama kuna anayetaka kuusingizia upepo, amkumbuke yule kijana wa mkono wa kushoto: mishale yake yote ilikwenda kushoto. Upepo haumuulizi mtu anatumia mkono gani.

Kisha bapa la chuma. Kigumba kipana ni bawa lililowekwa mbele, na manyoya ni mabawa yaliyowekwa nyuma. Bapa likiwa limekaa sawasawa na uti, manyoya yanashinda na mshale unanyooka. Likiinama hata kidogo tu, bapa ndilo linaloshika usukani. Mpiga upinde hulijua hilo kwa kuuzungusha uti juu ya ukucha na kuitazama ncha: ikitetemeka, anakichomoa kigumba, anakipasha moto na kukipachika upya. Kazi hiyo inataka siku za kupiga, kutazama, kurekebisha na kupiga tena. Kamati iliwapa vijana muda wa kupanga foleni.

Nimeandika mara nyingi, na sitachoka, kwamba mshale una mwenyewe. Waata wa Tsavo, waliokuwa mabingwa wa upinde Afrika Mashariki yote, walitia alama mishale yao ili ijulikane tembo ameangushwa na nani. Upinde wao wa tembo ulidai nguvu ya kuvuta iliyopita kilo 45. Mmoja wao, Galogalo Kafonde, aliyewasumbua askari wa wanyamapori miaka ya 1950, hangekubali kupewa mshale kutoka kwenye gunia. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, majirani zetu kwa upande wa Meatu, hadi leo hufua vigumba vyao kwa misumari, bila moto, juu ya jiwe, na mtoto wa kiume hushika upinde tangu akiwa mdogo sana. Hapa jirani, Geita na Biharamulo, tulikuwa na Warongo, walioyeyusha chuma kabla dhahabu haijawa habari ya mji. Ukanda uliozaa wahunzi wa namna ile leo unagawa vigumba visivyolingana uzito, kimoja cha nondo, kingine cha msumari, na hakuna aliyevipima.

Wanaodhani ujuzi unatosha bila mazoezi ya chuma wamtazame Saxton Pope, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyekuja Tanganyika mwaka 1925 na mwenzake Arthur Young kuwinda simba kwa upinde. Pope alijitengenezea vichwa vya chuma mwenyewe na alivijua. Hata hivyo ilibidi bunduki ya mwenzao Stewart Edward White isimame nyuma yao, na baadhi ya simba walimaliziwa kwa risasi. Mtu aliyejiandaa hivyo alihitaji bunduki. Je, kijana aliyekabidhiwa chuma asubuhi ile ile ya mashindano?

Kosa jingine: pote za nailoni nazo zilikuwepo tena, zikivutika kama mpira wa manati. Nilishasema: upote uwe wa kano ya ng'ombe.

Pamoja na hayo yote, bingwa alisimama vizuri na kuachia upote bila kuukokota. Anastahili ushindi wake.

Hoja ya usalama naiheshimu, lakini ina jawabu. Kila kijana awe na vigumba vya aina mbili kutoka kwa mhunzi mmoja, uzito mmoja na upana mmoja: vya mazoezi viwe butu kingoni, vya kazi vitiwe makali. Sumu ya mishale isikaribie uwanja kabisa. Nyuma ya ngozi lijengwe tuta la udongo laini, wala si gogo, maana gogo hupindisha ncha na kurudisha uti. Wala sisemi mtu achukue podo aingie pori la Kigosi kuwinda. Sheria ya wanyamapori ya 2009 iko wazi kuhusu kibali.

Sungusungu ilizaliwa Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipokuwa na bunduki na wanakijiji wakawa na upinde. Waliokimbilia mwano, yaani yowe la hatari, usiku wa enzi zile walibeba mishale waliyoijua. Naiomba kamati ivitoe vigumba stoo mwezi mzima kabla ya mashindano yajayo, ivipime kwa mizani ya duka, na kila kijana akabidhiwe vyake kwa jina.